Kirusi cha Kooni, Kirusi cha Figoni

Machi 4
Daktari wa presha kaniambia niwe naandika. "Mama, hasira zako usizimeze, na usiwatapikie watu. Ziandike." Nikamuuliza kama kuna vidonge vya kuandika, maana vya kumeza nimechoka navyo. Hakucheka. Basi nimenunua daftari, tena kubwa, kwa kuwa najijua.

Mvua za masika zimeanza leo asubuhi. Paa la maabara linavuja palepale lilipovuja mwaka jana, juu ya meza yangu, si ya mtu mwingine.

Machi 5
Mvua. Presha juu.

Machi 9
Wifi kaja kuchukua chupa zake za chanjo zilizobaki kwenye friji letu la nyumbani. Niandike kuhusu wifi, maana nikimwacha daftari hili litakuwa halina maana.

Wifi ni mjane wa kaka yangu. Mimi na mama tunakaa nyumba ya mbele, yeye na bintiye wanakaa vyumba vya uani. Uani hapohapo ana kuku wake, na mama ana wake wachache. Kazi yake ni kuchanja kuku mtaa mzima. Anapita nyumba kwa nyumba na boksi la barafu begani, anamshika kuku, anamdondoshea tone moja jichoni, anamwachia. Watu wanamwita Mama Chanjo, na watoto wanamkimbilia. Mimi nimefanya kazi maabara ya mifugo tangu nina kiuno, kazi yangu ni kutambua kirusi gani kimeingia kwenye kuku wa nani, na mtaani wananiita "yule wa ofisini".

Hatugombani. Tunasalimiana vizuri sana, salamu za msibani. Mama ndiye asiyemwitikia vizuri tangu kaka afariki, na mimi sijawahi kumuuliza mama kwa nini. Inanifaa hivyohivyo.

Leo alikuwa na furaha. "Wifi, nimemaliza mtaa, wamenikatalia wawili watatu tu. Hata fundi baiskeli safari hii kakubali." Nikamwambia hongera. Fundi baiskeli ana kuku wengi kuliko sisi sote, na ubishi wake unazidi kuku wake.

Machi 14
Mvua. Ndoo mbili juu ya meza yangu sasa.

Machi 21
Kuku wa fundi baiskeli wanakohoa. Kaja maabara mwenyewe, mikono imejaa grisi, kamshika tetea mmoja kwapani kama gazeti. Nikasogeza sikio. Anakoroma kifuani, machozi yanamtoka, kichwa kimevimba kidogo. Mengine ya ugonjwa huu nayajua kwa macho: kikohozi cha kuambukizana, kinachoruka banda hadi banda kwa pumzi tu. Lakini macho hayasemi ni aina gani. Kirusi hiki ni kama ukoo mkubwa, jina moja, tabia mbalimbali. Wako wanaokohoza kuku wiki moja wakaondoka, wako wanaoharibu mayai, wako wanaoua. Na yumo pia wa chanjo, ambaye ni mwanaukoo yuleyule aliyepunguzwa makali ili amfundishe kuku kujikinga.

"Kuku wangu walikuwa wazima," fundi akasema. "Wakachanjwa. Sasa wagonjwa. Wewe msomi, nijumlishie."

Nilijumlisha kimoyomoyo.

Machi 22
Nimekwenda bandani kwa fundi kuchukua sampuli. Kijiti cha pamba kooni, kuku mmoja baada ya mwingine, halafu vijiti vyote kwenye mrija mmoja. Ndivyo tunavyofanya kwetu siku zote, kubana matumizi ya dawa za mashine. Maranda ya banda yalikuwa yamelowa chapachapa. Nikasema moyoni paa lake nalo linavuja, karibu chamani.

Niliporudi, Mkuu wa maabara akauliza nimechukua wapi.

"Kooni."

"Hakuna uliyempasua? Na wamechanjwa lini hawa?"

Huyu Mkuu ni kijana wa juzi, suruali imembana, kazi yake kubwa ni semina. Nikamwambia kazi hii naifanya tangu yeye hajui kuku anatokea upande gani wa yai. Wenzangu wakaangalia chini. Yeye akasema, "Sawa, mama," akaenda zake. Nilitembea siku nzima nimeinua kidevu.

Machi 27
Umeme umekatika. Mashine imelala. Nami nimelala mezani kidogo.

Machi 30
Mabanda sita sasa yanakohoa. Wote wateja wa wifi. Kuku wa mama nao.

Aprili 3
Majibu yametoka. Mashine yetu ilisema kirusi cha kikohozi kimo. Maabara kubwa tunakopeleka kusomewa herufi za vinasaba wakarudisha herufi, nikazipanga kwenye kompyuta sambamba na herufi za aina zote tunazozijua, mstari chini ya mstari. Zimelingana na za chanjo, herufi kwa herufi.

Nikaandika ripoti: "Kirusi kilichopatikana ni cha aina ya chanjo." Nikasaini. Mkuu alikuwa semina.

Niseme ukweli, maana daftari hili halisomwi na mtu. Nilifurahi. Nilirudi nyumbani na mvua ile bila kujali viatu. Nikiwa mezani na mama nikamwambia, "Mama Chanjo safari hii kachemsha." Mama akaweka kijiko chini akasema rudia. Nikarudia.

Aprili 4
Fundi baiskeli kaja kuchukua nakala yake. Kasoma polepole, midomo ikitembea. "Aina ya chanjo," akasema. "Kwa hiyo ni chanjo."

Nikamwambia ripoti inajieleza.

Aprili 6
Usiombe habari mbaya ipite karakana ya baiskeli. Kila anayejaziwa upepo anajaziwa na hii. Asubuhi mama mmoja kamrudishia wifi chupa ya chanjo aliyokuwa kamwachia, kaiweka kizingitini bila kubisha hodi. Mchana zilikuwa tatu.

Jioni wifi akaja mlangoni kwetu. Hakuingia.

"Wifi, umeandika nini?"

"Nimeandika kilichotoka."

"Wanasema nimewaambukiza kuku wao."

"Mimi sikuandika umeambukiza. Niliandika aina."

"Lakini wewe ndiye unayejua maana yake," akasema. "Waambie basi maana yake."

Nikamwambia mimi ni mtumishi wa serikali, sipiti mitaani kutafsiri ripoti. Alinitazama, akasema usiku mwema na jua halijazama. Sijui kwa nini neno hilo limenikaa.

Aprili 8
Mvua. Kuku wa fundi wameanza kufa, hasa matetea ambao hawajaanza kutaga.

Aprili 10
Mayai yanayookotwa mtaani yana makunyanzi kama uso wangu. Ya mama yana ganda laini, unabonyeza linaingia.

Aprili 12
Nataka kuandika jambo hili lilivyokuwa, bila kulipaka rangi.

Ilikuwa Jumamosi, mvua imetulia kidogo. Walikuja watu labda kumi, fundi mbele, na magunia. Geti letu halifungwi mchana. Wakapita mpaka uani, wakamwaga kuku waliokufa mbele ya mlango wa wifi. Sio kwa fujo, ndilo lililoniumiza kuangalia. Walimwaga kwa utaratibu, kila mtu gunia lake, kama watu wanaoleta mchango.

Wifi akatoka. Bintiye alikuwa nyuma yake, akamsukuma ndani akafunga mlango.

Fundi akasema, "Mama Chanjo, hatukutukani. Tunakurudishia mali yako."

"Sikuwaletea ugonjwa," wifi akasema. "Kuku wangu mwenyewe wanakufa. Ningejiroga?"

Mmoja akadakia, "Ripoti imeandikwa na wifi yako, damu ya mumeo. Angekusingizia?" Wote wakageuka kunitazama mimi, niliyesimama dirishani jikoni na kikombe. Hapo ndipo pangekuwa pangu pa kusema neno. Maneno nilikuwa nayo. Mimi sijawahi kukosa maneno. Nilikunywa chai.

Mama akatoka. Mama hatembei bila kushika ukuta, lakini alitembea. Alisimama katikati ya wale kuku akamwambia wifi, mbele ya watu wote:

"Mikono hiyohiyo ndiyo iliyomlisha mwanangu miezi yote aliyolala, mpaka nikamzika. Leo umemaliza na kuku."

Hata fundi aliinama. Watu walikuja na hoja ya kuku, hiyo nyingine hawakuijua. Mmoja mmoja wakaanza kutoka, magunia matupu mkononi, wakipishana getini bila kuagana.

Wifi hakulia. Aliingia ndani akatoka na jembe, akaanza kuchimba shimo la kuwafukia. Ardhi ilikuwa tope, shimo likawa linajaa maji. Mimi nilimrudisha mama kitandani, nikampa dawa zake, nikameza na zangu.

Aprili 13
Jumapili, lakini nimekwenda kazini. Jana, kabla wifi hajamaliza kufukia, nilichukua kuku mmoja, nikamfunga kwenye mfuko. Sijui nilitafuta nini. Labda nilitafuta kuthibitisha.

Nilimpasua. Koo lina ute, sawa, hilo tulilijua. Nikaenda chini. Figo zilikuwa zimevimba, zimepauka, mirija yake imejaa kitu cheupe kama chokaa ya ukutani. Nilikaa kwenye kiti.

Chanjo ile haigusi figo. Sijawahi kuona, sijawahi kusikia. Kuku mwenye figo hizo anakunywa maji kupita kiasi na kuharisha maji matupu, na ndiyo maana maranda ya fundi yalikuwa chapachapa. Hakukuwa na paa linalovuja. Nilisimama kwenye ushahidi nikatukana paa.

Na kooni je? Kuku wamechanjwa, halafu muda si mrefu mimi nakwenda kuchokonoa kooni, mahali chanjo inapokaa na kuzaliana wiki hizohizo. Ningepata nini kingine? Ni sawa na kumpima mtu mdomo ametoka kunywa chai, ukaandika kwamba anaumwa chai. Tena nikachanganya vijiti vyote mrija mmoja. Mashine inasoma herufi zilizo nyingi, zilizo chache zinafunikwa. Aina nyingine inaweza kuwa ilikuwemo humohumo, imeinama nyuma ya chanjo.

Kosa hili halifanywi na mjinga. Mjinga hana mrija.

Aprili 14
Nilikwenda kwa Mkuu nikiwa nimejipanga kugombana. Nikamweleza. Nikasema nataka kupeleka figo, na vipande vya utumbo pale kirusi kinapojificha, kuku mmojammoja na mrija wake, kutoka mabanda yote. Nikasubiri aseme dawa hakuna.

Akasema, "Dawa za semina yangu ziko friji la pili. Tumia hizo." Akanikabidhi ufunguo. "Mama, nilikuuliza siku ile umechukua wapi, na wamechanjwa lini."

"Uliniuliza."

"Ningesisitiza. Nilikuogopa."

Ningependa anitukane. Kijana wa watu, suruali ikimbana hivyohivyo, akaenda kuwasha mashine mwenyewe.

Aprili 16
Sampuli zimekwenda. Mvua.

Aprili 17
Nimekwenda vyumba vya uani. Tangu kaka azikwe sijawahi kukanyaga. Ni padogo, pasafi, kitanda cha kaka kimegeuzwa kiti. Banda lake limebaki na kuku wachache wenye manyoya yaliyovimba, wamejikunyata.

Nikamwambia nilivyoona kwenye figo. Nikamwambia inaelekea si chanjo yake.

"Ninajua si chanjo," akasema. Anashona sare ya bintiye, hakuinua macho. "Wifi, ungeniuliza tu. Ningekuambia nilichanja lini."

Ningeweza kunyamaza. Nikasema, "Nilijua ulichanja lini. Chupa zilikuwa friji letu."

Sindano ikasimama. Halafu ikaendelea.

"Basi hukukosea," akasema. "Mtu anakosea jambo asilolijua."

Presha ilipanda mpaka masikio yakalia. Nikaaga.

Aprili 21
Kimya maabara kubwa. Mama hataki kulizungumzia la siku ile. Nikilianza anaomba maji.

Aprili 24
Mtu kaja kutoka kwa akina wifi, kaka yake mkubwa. Kaongea naye uani, hakuja kumsalimia mama. Maana yake inaeleweka.

Aprili 26
Majibu. Kwenye figo, banda hadi banda, hakuna chanjo. Kuna aina nyingine kabisa, ya kundi linalojulikana kwa kuua figo za kuku. Haijawahi kuandikwa kwetu. Imeingia kwa njia gani sijui, labda na trei za mayai zinazozungushwa mtaani bila kuoshwa. Chanjo ya wifi haikuileta. Tena nimepitia vifo banda kwa banda: wale waliochanjwa walikufa wachache kuliko wale wawili watatu waliomkatalia wifi asiguse kuku wao. Kinga ile ilikuwa ya aina nyingine lakini ilisaidia nusunusu. Aliwaokolea kuku, na wao wakammwagia mizoga mlangoni.

Nikaandika ripoti mpya, ndefu, kwa maneno ambayo hata asiyetaka ataelewa. Sentensi ya kwanza: "Ripoti yetu ya awali ilipotosha." Mkuu akauliza kama nina hakika ya neno hilo. Nikamwambia kama analo kali zaidi anipe. Akasaini nami.

Nikaenda karakana moja kwa moja, nimevaa hata koti jeupe. Nikamsomea fundi baiskeli mbele ya wateja wake. Akasikiliza, akifuta mikono. Halafu akatabasamu kwa huruma, kama mtu anayesamehe.

"Daktari," akasema, ndiyo mara ya kwanza kuniita hivyo, "tunaelewa. Ni wifi yako. Damu nzito. Hata mimi ningeandika."

Nikamwambia nilichoandika kwanza ndicho kilichokuwa na wifi ndani yake. Cha pili ndicho safi.

"Usijali, dada. Hatuna kinyongo na familia yenu."

Wateja wakatikisa vichwa kwa upole. Miaka yote nimetamani mtaa huu uniite daktari. Nilirudi nyumbani nimekunja koti kwapani.

Aprili 27
Wifi amefunga mizigo. Anakwenda kwao. Nimempelekea ripoti, kaisoma yote, mpaka saini.

"Imeandikwa vizuri," akasema.

Nikamwomba asiondoke. Nikasema mtaa utaelewa polepole, nitakwenda nyumba kwa nyumba, nitafanya nini, nitafanya nini. Akaniacha nimalize.

"Mtaa ni mtaa, wifi. Wakija wapya watakuwa hawajui. Kuna mtu mmoja tu ninayetaka aisikie hiyo." Akaelekeza kidevu nyumba ya mbele. "Akisema neno moja zuri, hata la kuungaunga, ninafungua mizigo. Mtoto anapenda shule yake."

Kesho asubuhi, tumekubaliana, kabla kaka yake hajaja na gari.

Aprili 28
Nilimsomea mama kitandani. Mito miwili mgongoni, shuka limekunjwa vizuri. Wifi alisimama mlangoni kwa nje, bintiye amemshika mkono, begi dogo begani. Mama aliwaona. Nilisoma kila kitu. Palipokuwa na neno la kitaalamu nilisimama nikaeleza: kooni, figoni, kwa nini nilipata cha kwanza, kwa nini cha pili ndicho. Nikamwambia, "Mama, mimi ndiye niliyekosea. Tena si kwa bahati mbaya." Sijawahi kumwambia mama neno la namna hiyo tangu nizaliwe.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Hakuomba maji. Nilimwona anafikiri, uso umelegea, nikasema moyoni haya, linakuja.

"Sawa," akasema. "Hao kuku hakuwaua."

Nikasubiri liendelee. Hilo ndilo lililokuwa lote.

Nilikuwa na karatasi mkononi, kurasa nne, herufi zote zimepangwa, saini mbili na muhuri. Nikaigeuza upande wa pili kana kwamba kuna kilichobaki. Kaka aliugua, akauguzwa, akafa, na hakuna kijiti wala mrija utakaoingia huko ukatoka na jibu mama atakaloamini. Nilipoinua uso mlangoni hapakuwa na mtu.

Niliwakuta uani wanapakia. Nikashika godoro upande mmoja. Wifi akashika upande wa pili, tukalisukuma kwenye gari. Kwenye kiti cha mbele akashusha kioo.

"Wifi, asante kwa kumsomea," akasema. "Sasa tufungulie geti."

Nikafungua.

Mei 5
Mvua zimekata. Mama kanunua vifaranga. Ameniuliza nani atamchanjia.